Niliposwa kwa Ajili ya Sinema, Sasa Mama Anakuja

Mpendwa Shangazi Eva,

Nakuomba unishike mkono kabla sijaanguka, na kama karatasi hii ina mafuta pembeni ni ya maandazi, nisamehe, naandikia jikoni Jumapili mchana mtoto akiwa amelala, na ukiona sentensi imekatika ujue ameamka. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Tanga, nakaa Malvern hapa Johannesburg, vyumba viwili nyuma ya duka la magodoro hapa Jules Street, shule niliishia kidato cha pili kwa hiyo usinitafutie maneno makubwa, nieleze kama unavyomweleza mdogo wako. Kazi yangu ni usafi wa ofisi kule Braamfontein, naingia alfajiri natoka saa nane mchana, na mwanangu Nusaiba wa miaka mitatu anashinda kwa jirani yangu Bi Ummi, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa Kitanzania. Tunaleleana watoto kwa zamu, leo wangu kwako, kesho wako kwangu. Bila kikundi hicho mimi sina kazi, na bila kazi sina chumba, naomba hilo uliweke kichwani kwanza maana ndilo linaloniuma.

Jambo la pili nalisema bila kuzunguka. Mimi napenda wanawake. Niliolewa, nikaja huku na mume, mume akaenda Cape Town kutafuta maisha akayapata kwa mwanamke mwingine, talaka ninayo kwenye bahasha, na simlaumu sana kwa sababu hata mimi nilikuwa nyumbani kwake kama mgeni. Sasa nina mpenzi wangu anaitwa Chloé, Mkongo wa Lubumbashi, mrefu, mpole, tunakaa pamoja mwaka wa pili huu. Kazi yake ni kupiga video za harusi, kila Jumamosi yuko kwenye harusi ya mtu, anajua bibi harusi atalia saa ngapi kabla bibi harusi mwenyewe hajajua. Kwa majirani ni mpangaji mwenzangu. Bi Ummi akitaka kumtaja husema "mwenzio yule mrefu", halafu anavuta pumzi kidogo, halafu anaendelea na habari nyingine.

Sasa aliyetufikisha hapa ni rafiki yetu Fahad. Fahad kazaliwa hapahapa Johannesburg, baba yake ni wa hapa, alikuwa Morogoro enzi za ukombozi, akaoa Mluguru, akarudi naye uhuru ulipopatikana, kwa hiyo Kiswahili cha Fahad ni kama redio iliyoshika stesheni mbili. Naye ni wa upande wetu, anapenda wanaume, wala hafichi, na kazi yake ni kutengeneza sinema ambazo haziingii kwenye majumba ya sinema. Hana kampuni wala mdhamini, hataki. Anazionyesha ukutani kwenye karakana moja Doornfontein ambako mchana wanachomelea mageti, watazamaji tunakalia kreti za soda. Ile ya mwisho ilikuwa dakika arobaini mwanamume anaosha vyombo uchi. Tulikuwa watu kumi na mmoja na watatu walikuja kuchaji simu. Mimi niliipenda, Shangazi, sijawahi kuona mwanamume akiosha vyombo mpaka sufuria la mwisho.

Fahad ana hasira, na hasira yake zaidi ni kwa watu wetu wenyewe. Anasema zamani tulikuwa tunatupiwa mawe, siku hizi kwenye maandamano yetu tunatupiwa puto zenye nembo ya benki, na sisi tunazidaka. Anasema dunia imetuambia tutawapokea mkifanana na sisi, oaneni, nunueni sofa, pigeni pasi, na sisi wote tumekimbilia pasi. Sinema yake mpya akaiita Hatupigi Hodi. Siku anatueleza hayo Chloé alikuwa anamenya viazi, akamuuliza, "Na muntu anataka sofa sababu mugongo inamuuma?" Fahad akasema, "Eish, Chloé, sofa si sofa." Chloé akaendelea na viazi.

Na hapo inabidi nikiri kitu. Chloé alikuwa ameniomba twende tukaandikishe ndoa, kwa sheria za hapa inaruhusiwa, na sababu yake si keki wala gauni. Mwaka jana Nusaiba aliugua nikiwa kazini, Chloé akambeba mpaka zahanati, nesi akamuuliza wewe ni nani wa mtoto, Chloé hakuwa na karatasi ya kuonyesha, akaambiwa asubiri nje mwenye mtoto aje. Alisubiri nje. Nilipomwambia Fahad kwamba Chloé anataka karatasi, alishika kichwa akasema, "Dada, mnaiomba serikali igonge mhuri kwenye mapenzi yenu? Hivyo ndivyo wanavyotumeza." Aliongea vizuri sana mpaka nikaona aibu, nikamwambia Chloé tusubiri kwanza. Hakubisha. Kesho yake alikuwa na harusi ya kupiga video.

Basi katika sinema mpya kulikuwa na kipande cha posa. Kijana wa namna yetu amechoka kubishana na ukoo, anamposa msichana wa namna yetu, wote wawili wanajua, wazee wanafurahi, barua inapokelewa, na ikishapokelewa wale wawili wanasimama, wanaichana vipande vipande, wanatoka nje wakicheza, wazee wanabaki mdomo wazi. Kijana angekuwa Fahad mwenyewe na msichana akaniomba niwe mimi. Nilimuuliza nitafanya nini, akasema utakaa tu umefunikwa kanga hufanyi kitu kwa saa mbili, na mama gani mwenye mtoto mdogo angekataa.

Huo mdomo wazi ndio Fahad alioutaka kuliko vyote, na alitaka uwe wa kweli, kwa hiyo habari ya kuchana barua hakuwaambia wazee. Alikwenda kwa Bi Ummi nikiwepo, akamwomba yeye na wenzake waigize posa. Bi Ummi akamwambia, "Baba, posa haiigizwi. Ukitaka ya mchezo nenda kwa wachezaji. Ukiitaka kwangu italetwa kama inavyoletwa."

Fahad akafurahi. "Ndiyo hiyo naitaka, mama. Ya kweli kabisa."

"Ya kweli?"

"Ya kweli."

Bi Ummi akamuuliza jina la babu yake.

Ningepaswa kushtuka hapo, Shangazi, lakini nilikuwa nawaza kama nimeacha maharage jikoni. Fahad hajui kuandika barua ya posa kwa Kiswahili, kwa hiyo akaandikiwa na Mzee Salum, yule anayeuza viatu karibu na robot, yaani taa za barabarani, naye Mzee Salum hajui kuandika uongo, akaandika majina yetu ya kweli, mpaka ukoo wa mama yake Fahad kule Uluguru. Siku yenyewe Jumapili barua ikaja kwenye sinia imefunikwa kitambaa, Mzee Salum ndiye mshenga, mume wa Bi Ummi amekaa upande wangu kama baba mdogo, Chloé nyuma ya kamera. Na kwenye simu, imeegemezwa kwenye birika, mama yangu mzazi, kutoka Tanga, amevaa miwani ya sikukuu. Bi Ummi ndiye aliyempigia, maana alisema posa bila mama wa binti ni mkutano tu.

Nilikuwa na siku mbili sijalala, mtoto alikuwa na homa. Wakanifunika kanga mpaka usoni, udi ukafukizwa, zulia laini, na tangu nijifungue ile ilikuwa mara ya kwanza nimekaa mahali penye joto na hakuna anayeniita. Nikalala. Mzee Salum akaniuliza kama nimeridhia. Wanasema nilitikisa kichwa kukubali. Naamini, mtu akilala amekaa kichwa kinafanya kinavyotaka. Wanasema nilitikisa mara tatu, na ya tatu kwa nguvu.

Nikaamshwa na vigelegele. Ndipo tulipotakiwa kusimama tuchane, lakini umeme ukakatika, mtaa wetu nyaya zinaibiwa, taa za Fahad zikazimika, na mapazia ya Bi Ummi ni yale mazito, ikawa giza. Fahad akasema sharp, tutamalizia wiki ijayo. Wazee wakasoma Fatiha hivyohivyo. Kwao hakuna kilichobaki kumaliziwa.

Kesho yake nilitaka kusema. Nilimpeleka mtoto, Bi Ummi akafungua mlango, akampokea, akanishika shavu, akasema, "Mwanangu, leo ukitoka kazini usipike, nimekupikia." Miaka mitatu ananilelea mtoto na hajawahi kunishika shavu. Nikala. Nikanyamaza. Keshokutwa yake akanipa kanga mpya, nikanyamaza. Wiki iliyofuata Fahad akaleta cherehani kwangu, ilikuwa ya sinema, karakana yao haina nafasi, akaomba tu nimtunzie, na kumbe kwenye barua Mzee Salum alikuwa ameandika mahari ni msahafu na cherehani. Akina mama walipoiona inapita uani wakatoka na vigelegele. Mama akapigiwa simu mahari imefika. Mama analia kwa furaha, wajomba wamemkatia tiketi ya basi, anaondoka Dar Jumatatu ijayo, na ndoa wameipanga Ijumaa baada ya yeye kufika.

Na Fahad, Shangazi, Fahad anayepinga kumezwa, amemezwa na pilau. Wiki ya tatu hii kila Ijumaa anaitwa kwa Bi Ummi, anaitwa mkwe, ameshonewa kanzu, juzi nimemkuta amekunja mikono ya kanzu, yeye na wazee wanazungumzia bei ya mbuzi. Nikamvuta pembeni nikamwambia tuseme ukweli. Akasema, "Hapana, dada, nimefikiri. Hii ndiyo sinema yenyewe. Tunaoana kweli, kamera inaona, halafu ndani tunaishi tunavyotaka sisi. Uasi gani unaushinda huo?"

Nikamwambia, "Fahad, huo unaitwa ndoa. Watu wengi sana wako ndani yake hivyohivyo."

Akasema basi tukimbie katikati ya ndoa yenyewe, mbele ya sheikh, arekodi nyuso. Nikakumbuka mama atakuwa amekaa siku tatu kwenye basi.

Chloé hakupiga kelele. Siku cherehani ilipoingia alikunja miguu mitatu ya kamera yake, akachukua mto, akasimama mlangoni akaniambia, "Mi njo nilishika kamera. Bakakuposa na muntu mwingine mbele yangu, na picha nikaifanya muzuri, haina hata ukungu. Ile siku nilikuomba mimi, ulisema tungoje." Yuko kwa binamu yake Doornfontein. Ananitumia ujumbe kuuliza kama homa ya mtoto imerudi, hilo tu.

Nifanye nini, Shangazi? Nikifunga ndoa hii ya sinema nitakuwa na mtu wa kunilelea mtoto, mama atafurahi, mtaa utanishika shavu. Nikisema ukweli naweza kuamka Jumatatu sina pa kumwacha Nusaiba. Na Chloé sijui kama bado ni wangu kumpoteza. Tafadhali jina langu usilitoe.

Ni mimi, Aliyechoka wa Malvern.


SHANGAZI EVA ANAJIBU

Aliyechoka, pole. Pole ya homa ya mtoto, pole ya kuamka alfajiri, pole ya kuwa na rafiki msanii. Sasa kaa vizuri, maana pole zimekwisha.

Umeniomba nisitoe jina lako halafu ukamtaja kila mtu mpaka muuza viatu na mahali anapouzia. Majina yote nimeyabadilisha, hata la mtoto, hata la biashara iliyo mbele ya nyumba yako. Siku nyingine ukitaka siri, usinichoree ramani.

Tuanze na lililo rahisi. Nimempigia simu mzee mmoja anayejua mila na dini, nikamsomea kipande cha kusinzia. Alicheka mpaka akaomba nimpigie baadaye. Alipotulia alisema hivi: mwanamke aliyekwisha kuolewa haridhii kwa kimya, sembuse kwa kukoroma. Anaulizwa, naye anajibu kwa ulimi wake. Na hata angejibu, posa ni ahadi, si ndoa. Hurudishwa kila siku, kwa heshima, na mkono uleule ulioileta. Kwa hiyo hujafungwa na mtu. Kilichokufunga ni wiki tatu za kunyamaza ukiwa macho. Kulala si kosa, mwanangu. Kula chakula cha Bi Ummi huku unajua anampikia bibi harusi ambaye hayupo, hilo ni kosa, na unalijua, ndiyo maana umeniandikia.

Nakuelewa lakini. Kushikwa shavu ni kitu kikubwa kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kushikwa. Ila jiulize nani ameshikwa. Si wewe. Ni mchumba wa Fahad. Yule wewe anayempenda Chloé bado amesimama nje ya mlango wa Bi Ummi, na kila siku unayonyamaza unamsukuma mbali zaidi na mlango.

Sasa huyo Fahad. Mwambie ninayosema, msomee ukipenda. Katika jambo moja yuko sawa kabisa: mtu asikubali kupokewa kwa sharti la kuwa mtu mwingine. Mimi si wa siasa zenu, lakini hilo hata bibi yangu angelielewa. Ila ajiangalie na yeye. Anasema hapigi hodi. Sawa, asipige, aende kwa hao wenye puto na nembo akawavunjie mlango, nitamshangilia. Yeye alikwenda kuvamia sebule ya mwanamke anayelea watoto wa wenzake bila malipo, na mzee anayeuza viatu kando ya barabara, akawaficha walichoitiwa ili apate picha ya midomo yao wazi. Hao hawakuwahi kuwa na nguvu ya kummeza mtu. Wamempa pilau tu. Na amelipenda, masikini, kwa sababu naye hakuwa na pa kula Ijumaa, na hilo ndilo angelitengenezea sinema kama angekuwa na ujasiri. Kumkimbia sheikh mbele ya mama aliyesafiri siku tatu si ujasiri, ni utoto wenye kamera.

Na wewe, alipokuambia kuandikisha ndoa na Chloé ni kumezwa, ulimsikiliza kwa sababu anaongea vizuri. Mtu anaweza kuongea vizuri akiwa hajawahi kusimama nje ya zahanati mtoto analia ndani. Chloé alisimama. Karatasi aliyoiomba ni ya kumwonyesha nesi, haimgeuzi mtu kuwa tangazo la benki. Anayetaka kuishi bila karatasi aishi, ni haki yake, na wako wanaoishi hivyo kwa heshima. Lakini hayo mngeamua wawili, ninyi mnaolala chumba kimoja na kuamka na mtoto mmoja. Badala yake mliamuliwa na mtu wa tatu ambaye leo anapima kanzu.

Chloé naye nitamsema kidogo, kwa upole. Aliyeshika kamera alikuona umelala. Anajua sura ya bibi harusi kuliko sisi sote, alijua ile si ridhaa. Angeweza kuzima. Nadhani alitaka kuona kama utaamka mwenyewe. Mtu akishachoka kuomba hufanya hivyo.

Basi fanya hivi, na usibadilishe mpangilio wangu. Kabla hujafungua mdomo kwa Bi Ummi wala kwa mama, tafuta pa kumwacha mtoto kwa wiki mbili. Uliza kwa binamu wa Chloé, uliza kazini kama unaweza kubadilishana zamu, uliza mama mmoja unayemwamini nje ya kikundi. Siwezi kukuahidi kwamba Bi Ummi atakuelewa. Huenda akakufungia mlango, na ukifungwa utauma, na hasara itakuwa ya kweli, siyo ya sinema. Usiende kwake ukiwa umemwegemea kwa mtoto. Nenda ukiwa umesimama.

Mama apigiwe simu Jumamosi asubuhi, kabla hajatoka Tanga. Mwambie posa ilikuwa ya sinema na kesho unairudisha. Hilo moja linatosha kwa simu moja. Yale mengine ya moyo wako utamwambia siku utakayokuwa tayari, mkiwa mnatazamana, na si mimi wala Fahad wa kukupangia siku hiyo. Tiketi ibadilishwe, aje mwezi mwingine akuone wewe na mjukuu wake. Atalia. Muache alie, usimkatie simu.

Jumapili baada ya alasiri, wewe na Fahad nendeni kwa Bi Ummi, na Mzee Salum awepo. Fahad abebe cherehani yake mwenyewe kuitoa kwako, mchana, akina mama waone inatoka kama walivyoona inaingia. Barua irudi kwenye sinia. Fahad aseme kwa mdomo wake kwamba aliwaficha, aombe radhi, na awaulize kama picha zao zitumike au zifutwe. Wakisema zifutwe, afute pale pale mbele yao. Akikuambia hiyo inaua sinema, mwambie nimekubali ife. Wewe useme hukuridhia, ulikuwa umelala, na ulikosea kunyamaza. Bi Ummi akikuuliza kwa nini hasa humtaki kijana mzuri kama yule, jibu unavyoweza. Mimi nadhani mwanamke anayevuta pumzi kila akimtaja "mwenzio yule mrefu" hakungojea kuambiwa na mtu. Lakini kujua kimyakimya ni kitu kimoja na kuambiwa usoni ni kingine, na wewe ndiye unayeishi mtaa ule. Pima uso wake. Ukiona hapana usalama wa kusema, sema tu hukuridhia, chukua mtoto, toka.

Hayo yote ni ya mwisho wa wiki. La leo ni moja. Bi Ummi ana kikundi chake, mama ana wajomba, na Fahad atapata kisa kingine, hao hawapungukiwi. Kuna mtu mmoja Doornfontein anayeuliza habari za homa kwa sababu hathubutu kuuliza kama ameachwa. Mpigie mchana huu, usimtumie ujumbe. Usianze na Fahad wala na kujieleza. Mwambie humtaki mtu mwingine, muulize anarudi saa ngapi, na akinyamaza, usikate, ngoja hapo hapo mpaka aseme.

Shangazi Eva